Kichaka cha Nyuma ya Jiko

Nyumbani,
Jumatatu, saa nne asubuhi.

Kaka yangu mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, kama mdogo anavyopaswa kumwamkia mtu aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na miwili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu mlipobadilisha lile godoro. Sisi hapa hatujambo. Mama anakula, analala, na leo ameamka akilalamika kwamba chai yangu ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani, kwa hiyo ujue ni mzima kweli. Mimi nami ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu huwa sifiki mbali na wewe. Nikisema maneno mawili unaniambia nishushe sauti, nikisema manne unampa wifi simu anisalimie. Kwenye karatasi huna wa kumpa. Utanisoma mpaka mwisho, na kama ni kukasirika, kasirika ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe nalisema mapema usije ukahangaika kulitafuta. Hao mafundi unaotaka kuwaleta Jumamosi wang'oe kichaka cha nyuma ya jiko na kumalizia vitofali vyako, usiwalete. Nakuomba kama mdogo wako. Na kama ombi halitoshi, basi nakukataza, na hilo la mdogo kumkataza mkubwa tutalizungumza siku nyingine.

Najua jibu lako, kwa sababu ulishalitoa. Uliandika kwenye kundi letu la familia, mbele ya mashangazi na binamu wote, kwamba ulisema tangu mwanzo na sasa kila mwenye macho ameona: uwanja umepambwa, wadudu wametoweka, na bado maboga ya Mama yamezaa tisa. Ukaweka picha. Ukaweka na kile kikaragosi kinachocheka mpaka machozi. Ukamalizia kwa kusema wale waliokuwa wakikulilia habari za nyuki sasa wapumzike, kimebaki kichaka kimoja tu kinachoharibu sura ya nyumba, nacho kitaondoka. Mashangazi wakakupigia makofi. Mimi nikakaa kimya. Huko mbele utajua kwa nini nilikaa kimya, na hapo utakuwa na haki ya kunicheka vizuri.

Lakini kwanza acha nikurudishe ulikoanzia, maana wewe ni hodari wa kukumbuka zawadi uliyotoa na kusahau ilivyotolewa.

Mwaka juzi, miezi mitatu baada ya kumzika Baba, ulikuja ukamchukua Mama akae kwako wiki tatu, apumzike na kuonana na daktari wa macho. Nilikushukuru sana, na shukrani ile siiondoi. Ila siku ya tatu tu lori likasimama langoni, akashuka yule mpamba bustani wako, Bwana Kijani, kijani kofia mpaka viatu, na mafundi sita. Hawakuniuliza kitu, walikuwa na mchoro wako mkononi. Wakapiga dawa ya kuua magugu, wakangoja siku mbili, wakang'oa. Kivumbasi cha pale langoni ambacho kila mgeni alikichuma akanusa, kikaenda. Mtunguja, mgagani, mnavu, na ule mtambaa wa maua ya buluu ambao jina lake analijua Mama peke yake, vyote wakavipakia kwenye lori kama takataka. Wakasawazisha, wakapanga vitofali vya saruji kutoka langoni mpaka ukutani. Wakatandaza mkeka wa nyasi za kununua mahali padogo, wakaweka miti mitatu ya mapambo na maua mekundu yaliyojazana petali kama kitambaa kilichokunjwakunjwa. Kwa Mama wakaacha tuta moja, hatua nne kwa mbili. Bwana Kijani aliniambia, kifua mbele, kwamba kila mmea aliouchagua umetoka mbali na hakuna mdudu wa hapa anayeugusa, majani yatabaki hivyo hivyo mwaka mzima. Nami kwa ujinga wangu nikamtengenezea sharubati. Kichaka cha nyuma ya jiko kilisalimika kwa sababu moja tu, vitofali viliwaishia.

Siku ulipomrudisha Mama, alishuka garini akasimama. Akasema ahsante. Akavua viatu, akatembea juu ya vitofali polepole kama mtu aliyeingia benki asijue aende dirisha lipi. Wewe huwa unasimulia kwamba siku ile alilia kwa furaha. Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono.

Na kabla hujanirukia, ndiyo, mimi ndiye niliyelalamika viwavi. Siyakani maneno yangu. Unaijua kazi yangu, kutwa niko karakana natengeneza meno bandia, na siku hiyo kiwavi kinono cha kijani kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye majani mpaka mfukoni mwa koti langu jeupe lililokuwa kwenye kamba ya nguo. Nilikitoa mbele ya mteja aliyekuwa na nta ya kupimia meno kinywani, nusura aimeze. Nilikupigia simu nikasema uwanja huu umekuwa msitu. Nilikuwa nanung'unika, Kaka, kama watu wanavyonung'unika jua likiwa kali. Sikukutuma ulizime.

Basi mvua zikaja. Mama akapanda maboga kwenye tuta lake, zile mbegu anazozitoa boga hadi boga tangu kabla sijazaliwa. Yakatambaa vizuri, yakatoa maua makubwa ya njano, kila mtu akasifu. Kisha vile viboga vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, vikaanza kugeuka njano, vikalainika kwenye ncha, vikadondoka. Kimoja, viwili, vyote. Mama alikuwa akiviokota na kuviweka kwenye bakuli dirishani. Akaongeza samadi. Akabadilisha saa za kumwagilia. Akanyunyiza majivu. Havikuacha kudondoka.

Siku moja nikamkuta amekaa kitandani saa tatu asubuhi, hajafungua hata dirisha. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mkono wake umekwisha. Kwamba alipokuwa na Baba kila alichopanda kilishika, na sasa mkono uliomfukia mumewe hauwezi tena kuotesha kitu. Hakuwa akilia. Alikuwa akinipa taarifa, kama mtu anayekuambia unga umeisha. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje. Chai ikawa inapoa kwenye kikombe. Nguo zikaanza kumpwaya. Muuguzi wa zahanati alipompima uzito aliniangalia mimi kama vile namnyang'anya sahani.

Nikakupigia. Ukasema ni uzee. Ukasema nimnunulie vitamini, na nikiona hali inazidi, ninunue maboga mawili sokoni niyalaze chini ya majani alfajiri, ayaone afurahi. Nilikukatia simu. Nilikuona mtu wa ajabu sana, mtu wa kumdanganya mama yake mzazi kwa boga. Nilikaa na hasira hiyo mwezi mzima, na wakati huo niliona ni hasira safi isiyo na doa.

Aliyenifumbua macho ni bibi shamba, yule mama mnene wa pikipiki aliyekuwa amekuja kukagua mihogo ya jirani. Nilimwita nikamwonyesha bakuli. Akachukua kiboga kimoja, akakipasua kwa ukucha, akanionyesha mbegu ndani: maganda matupu, bapa kama karatasi. Akaniuliza ni nani wanaotembelea maua haya. Nikadhani anauliza habari za watu. Akacheka, akavuta ndoo akakaa, akaniambia nami nikae, tutazame pamoja. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, maua yote yamefunguka. Tulikaa nusu saa nzima. Alikuja nzi mmoja, akaondoka.

Ndipo akanieleza, na nakueleza wewe kwa maneno yake kwa sababu hujawahi kumpa mtu nafasi ya kukueleza. Boga lina ua dume na ua jike, na ule unga wa njano, chavua, lazima mdudu aubebe autoe kwa dume aufikishe kwa jike. Asipokuja mdudu, jike linadondoka. Mkono wa mpandaji hauhusiki. Akagonga vitofali vyako kwa kisigino, akasema nyuki wengi si wa mzinga, wanaishi mmoja mmoja, kila mmoja na kishimo chake kwenye udongo ulio wazi, na sisi tumewawekea kifuniko. Akashika majani yanayong'aa ya miti ya Bwana Kijani, akasema viwavi wa hapa hawajui kuyala, na pasipo na kiwavi hapana kipepeo, wala ndege wa kulisha watoto wake. Akafungua yale maua mekundu kwa vidole, petali juu ya petali, akatafuta chavua akakosa. Akasema boga linachanua wiki chache tu, lakini nyuki anakula mwaka mzima, na aliyekuwa akimlisha miezi mingine yote ni kivumbasi, ni mtunguja, ni hayo yote tuliyoyaita magugu. Mimea ya hapa na wadudu wa hapa wamelelewa pamoja, wanajuana. Ukimfukuza mmoja, mwingine hana pa kwenda kula.

Tulipofika nyuma ya jiko akasimama, mikono kiunoni. Kichaka chenyewe unakijua, hatua tano kwa tatu, kimejibana kati ya ukuta na tangi la maji. Kilikuwa kinavuma. Akasema kumbe wako hapa. Ni wachache, akasema, lakini tukisambaza mbegu za kichaka hiki kuzunguka tuta na kuinua vitofali hata safu chache, watatoka wenyewe waje. Na kikiondoka hiki, hakuna wa kurudi.

Jioni hiyo hiyo nikakupigia, na nadhani unakumbuka. Uliweka simu wazi, nikasikia mnacheka watu wawili. Uliniuliza kama nataka ubomoe uwanja wa mzazi kwa starehe ya nzi. Ukanipa cheo, Waziri wa Nyuki, na tangu siku hiyo watoto wako wananiita Shangazi Waziri. Ni watoto, sina kinyongo nao. Na wewe ninacho, tena kikubwa, na nakiandika hapa kwa wino ili usiseme hukuambiwa.

Sasa utaniuliza kwa nini sikumwambia Mama. Nilijaribu. Niliingia chumbani kwake mara mbili nikiwa na maneno tayari. Nilitaka kumwambia kwamba si mkono wake. Nikashindwa, kwa sababu ningelazimika kumwambia ni mkono wa nani. Uliukabidhi uwanja ule kwake kama zawadi ya mtoto wa kiume kwa mama mjane, na kila mgeni akija anaonyeshwa, na Mama anasema huyu ni mwanangu. Nikauma ulimi. Nilikulinda, Kaka. Jua hilo.

Sasa nafika kwenye lile lililoniziba mdomo kwenye kundi la familia. Nimezunguka kwa sababu naona haya. Maboga uliyoyaweka pichani si kazi ya uwanja wako, wala si ya nyuki. Ni mimi.

Msimu huu nilimbembeleza Mama apande mara moja tu ya mwisho. Akapanda shingo upande. Maua yalipoanza kufunguka, kila alfajiri kabla hajaamka nilikuwa natoka na gauni la kulalia, nimeshika brashi yangu ndogo ya kazini, ile ya manyoya laini ninayopakia rangi ya fizi. Naipitisha ndani ya ua dume mpaka inakuwa ya njano, naenda kwa jike napaka taratibu, kisha nafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo nijue nani ameshahudumiwa. Bibi shamba ndiye aliyenifundisha, akaniasa kwamba ni dawa ya dharura tu. Jirani alinichungulia juu ya ukuta siku moja akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia hereni. Amekuwa akiniuliza habari za hereni mpaka leo.

Mama alipoona kiboga cha kwanza kimepita ukubwa wa kidole na bado kimeshika, aliingia jikoni na udongo magotini akaomba chai. Mimi nikaingia chooni nikalia. Tangu siku hiyo akawa anaamka kabla ya jogoo wa jirani, ikabidi mimi niamke kabla yake. Kuhusu uzi nilimwambia ni wa kuwazuia ndege, akaniamini. Uzito ukarudi. Muuguzi akanitazama vizuri. Kila wiki nilijiambia nitamwambia akishapata nguvu, na kila wiki alipata nguvu zaidi na mimi nikakosa zaidi. Yule dada aliyekukatia simu kwa ajili ya maboga mawili ya sokoni alikuwa amemtengenezea mama yake manane. Tumetoka tumbo moja, hakuna wa kubisha.

Kisha ukaandika maneno yako, na jibu, ile brashi, lilikuwa kwenye mkoba wangu, limelala kati ya kioo na funguo. Ningesema neno moja tu pale na kichaka kingepona. Lakini Mama naye anasomewa kundi lile na shangazi kila jioni. Kukujibu wewe ni kumnyang'anya yeye. Nikakaa kimya siku nne, nikiona Jumamosi yako inakuja.

Ijumaa ndiyo mambo yakaharibika. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja kuchukua meno yake. Mzee wetu wa karakana akayainua kwenye mwanga ayakague, kama anavyofanya siku zote, akakuta fizi ya waridi ina vidoa vya njano. Akaniuliza ni rangi gani hii. Nikasema ni rangi. Akachukua lenzi. Akanitazama, akaitazama brashi yangu, akanusa. Nikamwambia ukweli, chavua ya boga, mbele ya mwalimu mkuu aliyekuwa amekaa mdomo wazi bila jino hata moja. Mzee akasema katika miaka thelathini ya kazi amewahi kuajiri walevi na wezi wa nta, lakini hili hajaliona. Amenipa wiki moja nikae nyumbani niamue kama mimi ni fundi meno au ni nyuki. Meno yale nayafanya upya bila malipo, na ni haki.

Basi umeujua ukweli wote. Ushahidi wako ni brashi yangu. Acha kichaka, Kaka, kwa sababu mimi siwezi kuamka alfajiri maisha yangu yote nikifanya kazi ya nyuki. Na nakuomba jambo moja zaidi, tena hili nakuomba nimepiga magoti: haya ya brashi Mama asiyajue.

Jumanne, jioni.

Barua ilikuwa iishie hapo juu. Haikuishia.

Jana nilipokuwa naandika ule mstari wa mwisho, Mama alikuwa amesimama mlangoni kwangu, sijui tangu saa ngapi. Mimi nilidhani yuko kwa jirani. Akaniuliza kwa nini niko nyumbani siku ya kazi, na hiyo karatasi imenikosea nini mpaka naichoma na kalamu hivyo. Nikamwambia nakuandikia wewe salamu. Akaja akakaa kitandani kwangu, akakunja mikono, akasema nimsomee hizo salamu.

Unajua macho yake, herufi hazioni tena. Nikasema moyoni nitaruka mahali pabaya. Nilisoma kuhusu godoro lako, nikasoma kuhusu chai, nikaruka. Akanisimamisha. Akasema napumua kama mtoto anayeruka madimbwi, nirudi nyuma nisome yote. Nikasoma yote, Kaka. Nikasoma habari za mkono wake kwisha. Nikasoma mkono wa nani. Nikasoma brashi, uzi, chooni, meno ya mwalimu mkuu, mpaka pale nilipokuomba asijue. Sauti ilinikatika mara tatu, na mara zote tatu alingoja.

Nilipomaliza alihesabu kwa vidole. Kisha akauliza jambo moja tu. Maboga ni tisa, na mimi nimeandika manane. La tisa je?

Nikamwambia la tisa halina uzi. Mche mmoja ulikuwa umetoka nje ya tuta, ukatambaa juu ya vitofali mpaka kwenye pembe ya jiko, na nilipoliona lile boga lilikuwa limeshafika ukubwa wa ngumi. Sikuligusa mimi. Pichani limejificha nyuma ya mengine kwa sababu ni dogo na limepinda.

Akanyanyuka. Alishika ukuta mpaka nje, akakataa nimshike mimi. Akaanza na la kwanza, akapapasa kikonyo, akakuta uzi. La pili, uzi. Alikwenda hivyo boga hadi boga, mpaka nyuma ya jiko. Pale akapapasa kikonyo, akakizungusha, akapapasa tena kuanzia juu mpaka chini. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye ule udongo kidogo uliobaki karibu na kichaka, mkono juu ya boga lile lililopinda. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumfuta machozi.

Hakulia. Kaka, mimi na wewe tunajidai tuna hasira, hatuna lolote. Mama ndiye mwenye hasira. Alisema mtoto wa kiume alimfunika uwanja alipokwenda kutibiwa macho, na mtoto wa kike amemfunika macho akiwa uwanjani. Alisema alikaa kitandani msimu mzima akiamini kwamba Baba aliondoka na mikono yake, na wakati huo kulikuwa na watu wawili aliowazaa mwenyewe, mmoja aliambiwa kisa chake akacheka, mwingine alikijua akanyamaza, na hakuna hata mmoja aliyemwona ni mtu mzima wa kuambiwa. Alisema tulipokuwa wadogo, aliyevunja sahani alikuja kusema, na tulipigwa kwa kuficha, si kwa kuvunja. Akauliza ni lini tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba yeye ndiye mtoto. Kama wewe una jibu, fika nalo.

Jana usiku alijipikia mwenyewe akala mwenyewe. Mimi nilikula mkate jikoni nimesimama. Jioni hii ndipo aliponisemesha, kunipa haya niandike, na amekaa hapa mbele yangu kuhakikisha siongezi asali.

Maboga manane yanakuja kwako pamoja na barua hii, kwenye lori la jirani anayepita huko Alhamisi. Usizikate zile nyuzi mpaka kila mtu wa nyumba yako amezishika. Mle, yamekomaa na ni matamu, hayana kosa. Picha yake uipige tena uiweke kwenye kundi, na chini yake uandike wewe mwenyewe ni nani aliyeyazalisha. La tisa halitoki hapa. Linangoja likauke, na mbegu za msimu ujao zitatoka humo peke yake.

Mimi nimekatazwa brashi. Amesema msimu ujao mkono wangu ukionekana kwenye ua lake atauvunja, na kama maboga hayatazaa basi hayatazaa, lakini atajua yamekataa kwa nini. Nimekubali. Sina pa kukatalia.

Na kuhusu wale mafundi. Nimemwambia Mama kwamba huko juu nimekukataza kuwaleta, nikamuuliza nifute nini. Amesema nisifute kitu, usome jinsi binti yake alivyofikiri, halafu usome anavyotaka yeye, kwa kuwa uwanja ni wake. Walete. Waje Jumamosi saa moja kamili, wote sita, na mitaimbo. Wataanzia langoni, watainua vitofali hadi atakaposema inatosha, na kichaka hawatakisogelea. Bwana Kijani naye aje, Mama anataka kumuuliza mdudu gani alimkosea. Wewe na mimi tutabeba. Yeye atakaa kwenye kiti akituonyesha pa kuviweka.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto wote, na uwaambie Shangazi anawapenda. Mgongo wako upake dawa kuanzia leo, maana vitofali vile ni vizito kuliko vinavyoonekana. Nilitaka kumaliza kwa salamu za Mama. Amenikataza kuziandika. Amesema salamu zako utazipata Jumamosi, kazi ikiisha.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee.